Pazia la Msitu na Meli

Ikungi, alasiri

Hawa mwanangu,

Umeenda Sepuka kumuaga bibi yako, na ninavyomfahamu mama mkwe wangu, hatakuachia urudi kabla hujala kuku mzima na kubebeshwa mwingine kwenye mfuko. Kwa hiyo nina saa kama tatu za kuandika. Habari za sweta, vidonge, na kutomwachia mtu usiyemjua begi lako, shangazi yako amezimaliza. Amezisema mara mbili, kisha akaziandika kwenye karatasi asije akasahau kuzisema mara ya tatu. Mimi huko sina la kuongeza. Ungefuata maelekezo yangu ya safari, ungeishia Manyoni.

Nataka kukuandikia habari za pazia.

Najua unalijua. Umekua nalo, umelifua, na mwaka ule paa lilipovuja ulilala chini yake. Lakini hujui lilivyoanza, na hasa hujui lilivyoisha. Nimekusimulia ya katikati tu, kwa sababu ndiyo yanayochekesha.

Nilipoanza kazi ya picha minadani, kila mpiga picha alikuwa na pazia lake la kusimamisha wateja mbele yake. Wa Itigi alikuwa na ghorofa. Mmoja wa Singida mjini alikuwa na mlima wenye theluji, na watu walivaa makoti kwa heshima ya ule mlima. Mimi nilitaka kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Nikapata karatasi ya kalenda ya zamani, ambayo muuza vitumbua pale Mkiwa alitaka kunifungia vitumbua, nikamzuia mkono. Kulikuwa na meli kubwa inapita katikati ya msitu. Msitu wa kijani mzito, kulia na kushoto, na maji yamenyooka kama barabara. Chini palikuwa na maandishi, ila mafuta ya vitumbua yalishayala. Nikaipeleka ile karatasi kwa Fundi Athumani, yule aliyekuwa anachora matairi na kuku kwenye kuta za maduka.

Tatizo la Fundi Athumani ni kwamba hajawahi kuona meli. Mabasi ameyaona mengi. Kwa hiyo meli yetu ikapata madirisha ya basi, yenye mapazia madogo, na mbele kabisa akaacha nafasi ya kibao. Nilimsihi sana asiandike Singida–Dar. Halafu, kwa ukarimu wake mwenyewe, bila kuniongezea bei, akaniwekea twiga msituni.

Siku ya kwanza tulipolitundika hapa mnadani, mzee mmoja mfugaji alisimama mbele yake muda mrefu, fimbo mabegani.

"Hii meli inapita wapi?"

"Kwenye maji, mzee wangu."

"Maji nayaona. Nauliza aliyeyachimba. Mto hauendi mstari namna hii."

"Wazungu, mzee."

"Wazungu walichimba bahari?"

"Ilikuwa haitoshi, wakaongeza."

Nyuma ya pazia mama yako akaanza kucheka, na akicheka pazia lote linacheka.

"Tulia huko nyuma," nikamwambia.

"Mwache," mzee akasema. "Msitu ukiwa na wanyama lazima utikisike."

Akapiga picha mbili, moja yake na moja ya fahali wake.

Mama yako alikuwa nyuma kwa sababu ya upepo. Wewe unaujua upepo wa kwetu. Nilijaribu nguzo, kamba, mawe, hata gurudumu la baiskeli nililifunga chini. Haukukubali. Dawa ilikuwa ni mtu asimame nyuma, ashike ukingo wa pazia upande wa kulia na kulivuta mpaka linyooke. Mtu huyo alikuwa mama yako, mnada kwa mnada, miaka saba. Na kwa sababu mkono lazima ushike mahali, kila picha niliyopiga ilitoka na vidole vyake vinne pembeni, vimeng'ang'ania msitu.

Nilivikata. Picha ziliporudi kutoka kusafishwa mjini, nilikaa uani na mkasi nikaondoa kaukingo kembamba kwenye kila moja kabla ya kumpa mwenyewe. Niliona ndiyo kazi safi. Mteja amekuja kupigwa na meli, vidole vya mke wangu vinamhusu nini. Mama yako alikuwa akichambua mboga pembeni yangu anahesabu. "Leo umenikata vidole mara ishirini na nane, Baba Hawa. Kesho utasongewa ugali na nani?" Mimi nacheka, naendelea kukata.

Aliniomba picha moja tu kwa hiari yake. Alitaka nimpige shambani kwake Sepuka, alizeti zikiwa zimechanua, asubuhi zinapotazama jua zote kwa pamoja. Shamba lile alilima mwenyewe kabla hajaolewa, na nadhani aliolewa na mimi kwa shingo upande tu kwa sababu nilikuwa mbali nalo. Nikamwambia alizeti kila mtu anaziona bure, nani anapoteza mkanda wa kamera kwa shamba. Nikamsimamisha mbele ya pazia kama watu wengine. Ndiyo ile picha iliyoko sebuleni, amevaa kitenge cha kijani, twiga anamchungulia begani. Hata vidole havimo, maana siku hiyo hapakuwa na upepo, na aliyepaswa kushika ndiye alikuwa mbele.

Hawa, umekua ukimwangalia mama yako mahali ambapo hakuwahi kufika. Hilo ni kosa langu la kwanza, na ndilo dogo.

La pili unalijua. Ulikuwa na miaka mitano. Nyumba ilikuwa imejaa watu, na katikati ya watu ukanivuta kanzu, ukanyoosha kidole kwenye ile picha ukutani, ukauliza, "Mama ameenda huko?" Mimi mwenye mdomo wa kujaza mnada nikatoa neno moja tu. Nikasema ndiyo. Nikadhani ni neno la siku moja, la kukufanya ulale.

Kesho yake ukauliza huko anakula nini. Kesho kutwa ukauliza kama kuna mvua. Nikawa mwongoza watalii wa nchi nisiyoijua hata jina. Nikasema mvua ananyeshewa kila siku, hatafuti maji. Nikasema nyani wa huko wanabisha hodi. Nikasema meli inazunguka mbali sana kabla haijarudi. Nilikuwa naona uso wako unatulia, na mimi nikapenda kuuona unatulia, ndivyo uongo ulivyokaa miaka minne ndani ya nyumba yangu unakula na sisi. Nilipotundika pazia ulikuwa unakuja kuweka sikio. Unaweka sikio kwenye msitu, unasikiliza, unaondoka.

Ukiwa darasa la tatu, mwenzako akakwambia shuleni kwamba mama yako amezikwa Sepuka, kila mtu anajua. Ulirudi nyumbani hujalia. Pazia lilikuwa uani linakauka, limeegemea ukuta. Ukalishika ukingo ule ule wa kulia, ukalifunua, ukatazama nyuma yake. Palikuwa na ukuta wa tofali na jembe.

"Kumbe ni ukuta," ulisema.

Halafu miezi miwili hukusema nami. Shikamoo ulinipa kila asubuhi, kwa sababu bibi yako alikulea vizuri, lakini baada ya marahaba yangu palikuwa kimya mpaka asubuhi nyingine. Sijawahi kusikia neno moja lililonichoma kama ile shikamoo yako. Nilistahili. Hata nilipojaribu kukuchekesha kwa kuvaa gauni la shangazi yako, uliniangalia tu kama mwalimu.

Tukapona, kwa namna yetu. Simu zikaja, kila mtu akawa mpiga picha, nikabaki na kibanda cha kuchaji na picha za pasipoti, pazia likawa la kufunikia magunia. Kisha mwaka juzi ukaja likizo kutoka chuo, ukanikuta nimelala, ukaniwekea simu usoni.

"Baba, amka. Pazia lako."

Nikavaa miwani. Ilikuwa yenyewe. Ukaniambia ni Panama, ng'ambo kabisa, na maji yale yaliyonyooka ni mfereji, walichimba kweli, kwa hiyo sikumdanganya sana yule mzee. Ukanionyesha meli inapandishwa kwa ngazi za maji, lango linafungwa, maji yanajazwa, meli inainuka taratibu kama mtu mzito anayeamka, na watalii wamejaa kwenye baraza wanaitazama wakila aiskrimu. Ukanionyesha msitu wenyewe kando ya mfereji, madaraja ya kamba yaliyofungwa juu kwenye vilele vya miti, ndege wenye midomo mikubwa kuliko vichwa, na yule mnyama anayening'inia kichwa chini, mzito wa mwendo mpaka ukijani unamwotea kwenye manyoya. Ukasema ukimwona utamwita jina langu.

Lililonigusa zaidi ni pale uliposema mfereji wote unakunywa mvua. Mvua inaanguka msituni, inajaza ziwa, ziwa ndilo linainua meli. Mwaka ambao mvua ni haba, meli zinapanga foleni baharini zinasubiri. Nikafikiri, kumbe na huko kuna watu wanasimama mlangoni wanatazama mawingu kama sisi hapa mwezi wa kumi na mbili. Kuanzia siku hiyo sikuogopa ile nchi.

Nilikuuliza twiga yuko wapi. Ukacheka mpaka ukakaa chini. Na katikati ya kicheko ukasema umeomba nafasi huko, mwaka mmoja, nyumba ya wageni iliyo ukingoni mwa msitu, kazi ya kuwatembeza watalii.

"Kwa nini huko?" nikauliza.

"Kazi ni kazi, Baba."

Hukuniangalia uliposema hivyo. Ulikuwa unaangalia ukutani.

Tangu siku hiyo sijalala vizuri, ingawa shangazi yako atakwambia nakoroma. Naogopa, mwanangu, kwamba dunia yote ni pana na wewe umechagua pale nilipomweka mama yako kwa mdomo wangu. Labda ninakosea. Labda kweli kazi ni kazi, na mimi ni mzee anayejipa umuhimu. Lakini kama ndani yako kuna katoto kamoja kanakokwenda kuweka sikio, basi siwezi kukaacha kapande ndege na nusu ya habari. Nusu nyingine hii hapa.

Mnada wa mwisho wa mama yako ulikuwa siku ya upepo mkali. Mama yako alikuwa na homa tangu juzi yake. Aliniambia asubuhi, sio kwamba hakuniambia. Nilisema tumalize mnada, kesho tutakwenda hospitali. Watu walikuwa wengi, alizeti zimechanua, kila mtu ana furaha na nguo nzuri. Mchana akaniita kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Baba Hawa, mbona jua la leo lina baridi?"

"Shikilia kidogo. Wamebaki wawili."

Walikuwa saba.

Niliwaona wamepanga mstari, nikasema wawili, kwa sababu wawili ni wachache na angevumilia. Akashika. Sikumsikia tena. Nilipomaliza nilimkuta amekaa chini, amejifunga kitenge mpaka kichwani, anatetemeka juani. Tukampa vidonge vya dukani. Kesho yake akasema ana nafuu, na mimi nilitaka sana kuamini, nikaamini. Siku iliyofuata tukampeleka kwa pikipiki, mimi nyuma nimemshika.

Daktari aliniuliza, "Homa ilianza lini?"

Nikasema, "Jana."

Bibi yako alikuwa amesimama pale mlangoni na kikapu. Alijua. Alinitazama, kisha akatazama chini. Mpaka leo hajalitamka, mbele yangu wala nyuma yangu. Wewe umenicheka miaka yote kwamba nikifika Sepuka napasua kuni za bibi kama kijana anayeposa. Sasa unajua ninaposa nini.

Alifariki siku ya pili yake alfajiri. Sijui kama ningesema ukweli ingebadilisha kitu. Daktari mwingine, miaka mingi baadaye, aliniambia pengine isingebadilisha. Nilimwona ni mtu mwema. Sikumwamini, na nimeacha kuwauliza madaktari.

Ule mkanda wa mwisho niliusahau mjini. Mkanda uliporudi na picha zake, nilikaa uani na mkasi kama kawaida. Nikazifikia zile saba, nikashindwa kufunga mkasi. Hao wateja saba niliwaambia mkanda umeungua, nikawapiga upya siku nyingine. Uongo mwingine, ila ule siujutii.

Picha zenyewe ziko kwenye bahasha hii. Zipange kwa mfuatano, nimeandika namba nyuma. Ya kwanza vidole vinne viko juu, sawa na bega la mteja, vimekaza. Ya pili vimeshuka kidogo. Ya nne viko usawa wa kiuno cha yule mama aliyembeba mtoto. Ya sita ni viwili tu, na havijashika, vimegusa. Ya saba havipo. Upepo umeinua kona ya pazia, mteja amefumba macho kwa vumbi, na chini ya kona ile inaonekana miguu ya mama yako. Amekaa, ameinyoosha, ndala amezivua ameziweka pamoja pembeni kama mtu aliyefika nyumbani. Nyuma yake, ng'ambo ya uzio wa mnada, kuna alizeti.

Kwa hiyo picha ya mama yako na alizeti ipo. Ndiyo hiyo. Nimeiangalia miaka kumi na tisa, na nimekuficha miaka hiyo hiyo.

Kwenye ile nchi hayupo, Hawa. Nakwambia leo kile nilichopaswa kukwambia uliponivuta kanzu. Mama amekufa, yuko Sepuka, na mimi nilikuwa upande wa mbele wa pazia wakati yeye anaugua upande wa nyuma. Kaione ile meli kwa macho yako mwenyewe. Kama hata hivyo siku moja utasimama kwenye daraja lile la kamba na ukajikuta unasikiliza, sikiliza. Sitakukataza kitu ambacho na mimi ningefanya. Halafu urudi kwa wageni wako, uwatembeze, uwaambie ukweli kuhusu nyani.

Utakuwa unawapiga watu picha pia, ndiyo kazi ya mwongoza watalii, watakupa simu zao kila dakika. Mimi sina mafunzo ya kukupa, niliyemkata mke wangu vidole kwa mkasi nikidhani ni usafi. Nina ombi tu. Ukinitumia picha zako, usisimame katikati sana, wala usizipunguze. Niachie pembeni. Nataka kuona ndoo ya mtu, mbwa anayepita, mkono wa aliyesimama karibu nawe. Hiyo meli yenyewe naijua, ina madirisha ya basi.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini ya begi, chini ya sweta la shangazi yako, uisome ukiwa umeshafika, mbali na uso wangu. Nimeitia, nikaitoa. Nikaitia tena. Kisha nikaona ninachokifanya: naweka kitu nyuma ya kitambaa, tena.

Nitakupa mkononi ukirudi. Utaisoma mimi nikiwa hapo uani, kwenye kigoda, sitaenda popote. Ukitaka kuniuliza, uliza. Ukitaka kunyamaza, najua unavyonyamaza, niliwahi kunyamaziwa miezi miwili na sikufa. Na kesho asubuhi, kama hutataka nikubebee begi mpaka kituoni, libebe mwenyewe. Mimi nitakuja nyuma yako kidogo, hatua kumi hivi. Kuna upepo asubuhi, na lile begi zipu yake haifungi vizuri. Mtu lazima ashike.

Nasikia pikipiki inakata kona. Umerudi mapema, kumbe bibi yako amezeeka. Au ni wewe umekataa kuku wa pili.

Baba yako